Sura ya 4: Tabora, Saio, na Waliobeba Mzigo

"Vita vya wazungu vilituhusu nini sisi?"

Swali hili husikika Kindu kila mazungumzo yanapogusa vita vikuu viwili vya dunia. Mwanafunzi hulileta darasani, mzee hulirudia kibarazani, na mara nyingi jibu huwa ni kutikisa kichwa tu. Ubelgiji iko mbali, Ujerumani iko mbali zaidi, na Italia watu wengi huijua kwa sababu ya Papa na mpira.

Lakini hebu tutazame majina tuliyoyazoea. Bukavu kuna kambi kubwa ya jeshi inayoitwa Saio. Kinshasa, katika komini ya Kasa-Vubu, akina mama hununua pondu na samaki kwenye soko la Gambela, na si mbali na hapo inapita barabara ya Assossa. Saio, Gambela na Assossa si majina ya kienyeji, wala si ya Ubelgiji. Ni miji mitatu ya Ethiopia. Majina hayo yalifika Kongo kwa sababu mwaka 1941 askari Wakongomani walikwenda kupigana huko, na baadhi yao wamezikwa huko. Miaka 25 kabla yao, Wakongomani wengine walikuwa wamekwenda kwa miguu mpaka Tabora, katikati ya Tanzania ya leo.

Kwa hiyo vita vilituhusu. Ila waliohusika zaidi si wale ambao vitabu vya shule vimezoea kuwataja, na kwa Maniema, mkoa wetu, jambo hili lina uzito wa pekee.

Jeshi lililoingia Maniema kama adui

Jeshi lenyewe liliitwa Force Publique. Lilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja: lilipigana na adui wa nje, na siku nyingine zote lilikusanya kodi, lilisimamia kazi za lazima na kuwakamata waliokimbia. Liliundwa katika miaka ya 1880, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II. Maafisa walikuwa wazungu, wengi Wabelgiji, wengine kutoka Skandinavia na Italia. Askari wa mwanzo waliajiriwa Zanzibar na Afrika Magharibi, kwa sababu Leopold hakuwa bado na nguvu za kuwalazimisha wenyeji.

Maniema ililijua jeshi hili kwanza kwa risasi. Mwaka 1893, kikosi kilichoongozwa na Francis Dhanis kiliiteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na utawala wa wafanyabiashara Waarabu na Waungwana, yaani Waswahili walioambatana nao, ukavunjika. Ngongo Lutete, mtemi wa vita aliyewaacha Waarabu na kujiunga na wazungu, alipigwa risasi na wazungu haohao Septemba mwaka uleule. Watu wake wengi walikuwa wamekwisha kuvalishwa sare. Mwaka 1895 waliasi huko Luluabourg, mji unaoitwa Kananga leo.

Baada ya hapo, chifu wa kila eneo aliamriwa kutoa vijana. Mtu angedhani chifu angechagua wenye nguvu na sifa. Mara nyingi alimtoa yule asiyekuwa na wa kumtetea: mtumwa wa zamani, mgeni, au mgomvi wa kijiji. Kijana alifungwa kamba, akapelekwa kambini, na hakurudi kabla ya miaka 7. Akiwa huko alijifunza kupiga bunduki na kutii filimbi, na akikosea alichapwa kiboko. Wengi walirudi wakiwa wageni katika kijiji chao wenyewe.

Kwa nini Kindu

Anayetazama ramani ya mto Lualaba ataelewa mara moja kwa nini vita vilipitia hapa. Kati ya Ubundu, ulioitwa Ponthierville wakati wa Wabelgiji, na Kindu, mto ni mtulivu na meli hupita. Juu ya Kindu kuelekea Kongolo mto unajaa mawe na maporomoko, na hakuna meli inayopita. Kampuni ya reli ya CFL ikajenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo ili kuyazunguka maporomoko hayo, na treni zikaanza kufika Kongolo mwishoni mwa 1910. Kindu ukawa mji ambapo mzigo ulishushwa kutoka melini na kupakiwa relini. Kila kreti, kila gunia na kila mtu ilibidi apite mikononi mwa vibarua wa gati letu.

Mwaka 1915 reli nyingine ilikamilika kutoka Kabalo hadi ziwa Tanganyika, mahali palipoitwa Lukuga, ambapo leo ni Kalemie. Tazama sasa mnyororo uliopatikana kutoka bahari ya Atlantiki: treni hadi Kinshasa, meli hadi Kisangani, treni hadi Ubundu, meli hadi Kindu, treni hadi Kongolo, meli hadi Kabalo, treni hadi ziwani. Katika mnyororo huo Kindu ilikuwa pingili isiyokwepeka. Hata ndege nne za kutua majini, zilizoipiga mabomu bandari ya Wajerumani ya Kigoma katikati ya 1916, zilivutwa kwa njia hii zikiwa vipandevipande ndani ya masanduku.

Vita vya kwanza: kwenda Tabora

Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni la Ujerumani. Agosti 1914 Wajerumani waliivamia Ubelgiji, na mwezi huohuo meli yao Hedwig von Wissmann ikapiga mizinga bandari ya Lukuga na kuiharibu meli ya Wabelgiji. Septemba wakakikalia kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Kwa mwaka mmoja na nusu ziwa Tanganyika lilikuwa la Mjerumani.

Force Publique ilikuwa na askari wapatao 15,000, waliotawanyika nchi nzima katika makampuni madogo. Kampuni jeshini ni kundi la watu mia moja na zaidi. Bunduki nyingi zilikuwa za aina ya Albini, za zamani, zilizotoa moshi mwingi kila zikifyatuliwa. Aliyejificha kichakani alijionyesha mwenyewe kwa adui. Jenerali Charles Tombeur alipewa kazi ya kuwakusanya na kuwapanga katika brigedi mbili. Brigedi ni mkusanyiko wa vikosi kadhaa, watu elfu kadhaa chini ya mkuu mmoja. Ya kaskazini aliiongoza Molitor, na ya kusini Olsen, Mdenmark aliyeitumikia Kongo miaka mingi.

Walivuka mpaka Aprili 1916. Kigali ilichukuliwa 6 Mei, Usumbura (Bujumbura ya leo) mwanzoni mwa Juni, Gitega siku chache baadaye. Kigoma iliangukia mikononi mwao 28 Julai. Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, ambayo baadaye iliopolewa na kuitwa Liemba. Kutoka Kigoma askari walifuata reli kuelekea mashariki. Katikati ya Septemba mapigano makali yalitokea Lulanguru na Itaga, kwenye vilima vya karibu na Tabora, na Septemba 19 mji ukakabidhiwa. Mwaka uliofuata Wakongomani hao walirudi tena vitani na kuingia Mahenge, kusini mwa Tanganyika, Oktoba 1917.

Wengi waliofika Tabora walikuta watu wakizungumza lugha waliyoijua. Tabora na Kasongo zilikuwa vituo vya njia moja ya biashara tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye alikuwa na nyumba kote kuwili. Askari wa Maniema hakuwa mgeni kabisa pale. Bwana aliyekuwa naye ndiye aliyebadilika.

Mpagazi

Hapa ndipo simulizi za kijeshi huharakisha, nasi tusimame kidogo.

Reli iliishia ziwani. Ng'ambo ya ziwa, na katika milima yote ya Kivu na Rwanda, hapakuwa na barabara za magari, na ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo na magonjwa mengine. Kila risasi iliyofyatuliwa Itaga ilifika pale juu ya kichwa au bega la mtu. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Wabelgiji ni wapagazi 260,000 katika vita vyote. Linganisha na jeshi lililovuka mpaka: askari elfu kumi na kitu. Kwa kila mwenye bunduki mmoja kulikuwa na watu wengi wasio na bunduki, wasio na viatu, na mara nyingi wasio na blanketi.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Fikiria nusu gunia la mchele, ulibebe kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana, na kesho yake tena, na keshokutwa. Mpagazi naye anakula, kwa hiyo sehemu ya mizigo ni chakula cha wapagazi wenyewe, na anayebeba chakula hicho naye anakula. Ndiyo maana idadi ilipanda bila kikomo. Watu wa bonde la Lualaba, waliozoea joto na muhogo au mchele, walipelekwa kwenye milima ya baridi wakapewa maharage na mtama ambao haukupikwa vizuri kwa kukosa muda na kuni. Waliugua kuhara damu na homa ya mapafu. Askari waliokufa katika kampeni ile walikaribia 2,000. Wapagazi waliokufa ni maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa njiani bila jina lao kuandikwa popote.

Wake wa askari nao walikwenda. Jeshi la wakati ule lilitegemea wanawake: walitwanga, walipika, waliuguza, walibeba vyungu na watoto nyuma ya safu. Hakuna picha maarufu ya vita vile inayowaweka mbele, ingawa bila wao askari wangelala njaa.

Na kijijini? Maniema ilitakiwa kutoa mchele. Zao hilo lilikuwa limeenea tangu enzi za Waungwana, na sasa serikali ililidai kwa ajili ya kulisha jeshi la mashariki. Aliyebaki nyumbani alilima zaidi akiwa na mikono michache zaidi.

Kwa kifupi, ushindi wa Tabora uliipatia Ubelgiji mambo matatu:
- kiti kwenye meza ya wagawaji wa koloni za Mjerumani;
- utawala juu ya Rwanda na Burundi;
- haki ya kutumia bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa mizigo ya Kongo.

Mji wa Tabora wenyewe Wabelgiji waliwaachia Waingereza mapema 1917. Askari na mpagazi hawakuwa na fungu lolote katika mgao huo.

Vita vya pili: kwenda Saio

Mei 1940 Ubelgiji ilishindwa na Ujerumani kwa siku 18 tu. Mfalme wake akawa mateka. Gavana Mkuu wa Kongo, Pierre Ryckmans, aliamua kwamba koloni litabaki upande wa Uingereza, na tangu hapo Ubelgiji iliyo huru ilikuwa kwa hakika ni Kongo: mapori yake, migodi yake na watu wake.

Italia ilikuwa imeikalia Ethiopia tangu 1936. Mwanzoni mwa 1941 vikosi vya Force Publique vilielekea kaskazini: kwa malori hadi Juba, kwa meli juu ya Nile hadi Malakal, kisha mashariki kuelekea nyanda za juu za Ethiopia. Machi 11 walisaidia kuiteka Assossa. Baada ya siku chache wakaichukua Gambela, iliyo kando ya mto Baro. Mbele yao, juu mlimani, palikuwa na Saio, mji unaoitwa Dembi Dolo siku hizi, na ndani yake Waitalia wengi kuliko wao.

Hapo safari ilikwama. Mvua zilianza, njia zikawa matope, chakula kutoka Sudan kikachelewa. Kwa miezi mitatu askari walikaa karibu na kijito cha Bortai wakipigana, wakiugua kuhara damu na beriberi, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini unaovimbisha miguu na kudhoofisha moyo. Njaa na maradhi viliua zaidi ya mizinga. Watu hawa walikaa pale bila kurudi nyuma, na nikitafuta ushujaa katika historia hii yote, mimi nauona Bortai kuliko mahali pengine popote.

Julai, chini ya Jenerali Auguste Gilliaert aliyekuja na vikosi vya nyongeza, walishambulia. Tarehe 3 Jenerali Pietro Gazzera wa Italia aliomba kusalimu amri. Alijisalimisha pamoja na majenerali wenzake kadhaa na maelfu ya askari. Waitalia hao walitekwa na jeshi dogo kuliko lao, lenye njaa, na ambalo askari wake karibu wote walikuwa Waafrika.

Vita havikuishia hapo. Mwaka 1942 na 1943 maelfu ya Wakongomani walipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina kulinda njia na maghala. Hospitali moja ya vita, yenye wauguzi, madereva na wabeba machela Wakongomani, ilikwenda mbali zaidi ya wote: Ethiopia, Somalia, Madagaska, na mwisho Burma, huko Asia, ambako iliwahudumia majeruhi wa jeshi la Uingereza lililopigana na Wajapani mpaka 1945.

Maniema, 1942: vita porini

Safari hii Kindu haikuwa njia ya jeshi. Mzigo uligeuza mwelekeo, badala ya kupanda kwenda ziwani ukawa unatoka porini kwenda ng'ambo.

Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na kwa pigo moja Uingereza na Marekani zikapoteza sehemu kubwa ya mpira na bati lao. Bati ni madini yanayohitajika kwa makopo ya chakula, kwa kulehemu na kwa vyuma vya mitambo. Maniema ilikuwa nayo yote mawili. Kalima na Punia zilikuwa na migodi ya kasiteriti, yaani mawe yanayotolewa bati, na porini kulikuwa na kamba za mpira.

Serikali ikapandisha siku za kazi za lazima za kila mwanamume kijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi moja ya mwaka! Watu walirudishwa kugema mpira wa porini, kazi ambayo wazazi wao waliikumbuka kwa hofu tangu siku za Leopold, ambapo aliyeshindwa kutimiza kilo alichapwa au kupoteza ndugu. Wengine walipelekwa migodini, wengine kujenga barabara za kufikia migodi hiyo. Mashamba yalibaki na akina mama, ambao nao walidaiwa mchele na pamba. Mtu aliyekesha porini Punia akigema mpira hakuvaa sare wala hakupata cheti cha mpiganaji, lakini mimi sioni kwa nini asihesabiwe kati ya waliopigana vita hivyo.

Uchovu ulifika hata makambini. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Cheche ilikuwa chanjo waliyoihofia kuwa ni sumu. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kukaa mbali na nyumbani, mishahara duni na kiboko. Uasi uligusa pia miji ya Katanga kabla ya kuzimwa kwa nguvu.

Jeshi lisilo na afisa wake

Askari Mkongomani aliyepigana Itaga angeweza kupanda cheo hadi wapi? Sajini. Aliyepigana Saio? Sajini tena, na miaka michache kabla ya uhuru, wachache walifika ajuda, hatua moja chini ya uafisa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa luteni.

Tusidhani hili lilikuwa la Ubelgiji peke yake. Marekani iliunda mwaka 1917 divisheni yake ya 92 ya askari wa miguu, yenye wanajeshi weusi waliotengwa na wenzao weupe. Divisheni ni kikosi kikubwa kuliko brigedi, chenye watu zaidi ya 10,000. Ilipigana Ufaransa 1918, ikavunjwa, ikaundwa upya 1942, ikapigana Italia 1944 na 1945. Vita viwili, kama Force Publique, na ubaguzi uleule. Hata hivyo ndani ya divisheni ile kulikuwa na maluteni na makapteni weusi. Walidharauliwa, walinyimwa vyeo vya juu, lakini walikuwapo. Kwetu hawakuwapo kabisa mpaka asubuhi ya uhuru.

Matokeo yake yanajulikana. Siku tano baada ya 30 Juni 1960, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji aliyeliongoza jeshi, aliwaambia askari kwamba kwao uhuru hautabadilisha kitu, na jeshi likaasi. Likabadilishwa jina kuwa Armée Nationale Congolaise, masajini wakawa makanali kwa siku moja, na nidhamu ikaporomoka. Kindu ililipa gharama ya hayo pia: Novemba 1961 askari wa jeshi hilo waliwaua humu mjini wanaanga 13 Waitalia waliokuja na ndege za Umoja wa Mataifa. Nje ya Kongo wengi wanaujua mji wetu kwa tukio hilo tu. Waliofanya mauaji wana hatia yao, na sioni sababu ya kuipunguza. Ila jeshi la miaka 70 lisilo na hata afisa mmoja mwenyeji halikuachwa hivyo kwa bahati mbaya.

Mambo ya kuuliza nyumbani

Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyewahi kutumika Burma. Mashahidi wa aina yake karibu wamekwisha. Lakini watoto na wajukuu wa wapagazi, wagema mpira, wachimbaji wa Kalima na vibarua wa reli wapo katika komini zetu za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na wengi bado wana kitu cha kusema. Ukikaa na babu au bibi, anza na haya:

- Nani katika ukoo alichukuliwa na chifu kwenda jeshini, na kwa nini yeye?
- Je, kuna aliyekwenda "upande wa ziwa" asirudi? Jina lake alipewa mtoto gani?
- Nani aligema mpira wakati wa vita vya pili, na alipeleka wapi kilo zake?
- Kuna kijitabu cha askari, medali au picha ya sare ndani ya sanduku la zamani?
- Babu aliyefanya kazi relini au gatini alipakia nini katika miaka ile, na alilipwaje?

Andika majibu pamoja na jina la kijiji, jina la chifu wa wakati ule, na jina la aliyekusimulia. Mzee akikumbuka msimu wa mvua au jina la mzungu wa posti badala ya mwaka, andika hilo, kwa kuwa kwa jina la msimamizi mwaka unaweza kupatikana baadaye. Anayeanza leo awaendee kwanza akina bibi: mama zao ndio walioachwa na mashamba, na wao wenyewe ndio walioulizwa mara chache zaidi.